Barua Iliyopokelewa ni Amana: Maelezo kwa Wakazi Kuhusu Kubadilishwa kwa Programu ya Barua Pepe



Tuanze na mfano. Katibu wa kikundi cha wanawake wajasiriamali anatuma barua pepe kwa Idara ya Maendeleo ya Jamii siku ya Ijumaa, saa tano asubuhi. Ameambatisha katiba ya kikundi iliyorekebishwa pamoja na muhtasari wa kikao, kwa kuwa mwisho wa kupokea nyaraka za maombi ya mkopo ni saa tisa na nusu alasiri ya siku hiyo hiyo. Simu yake inamwonyesha kwamba barua imetumwa. Jumatatu anafika ofisini, na afisa anamjibu kuwa hajaona kitu. Hakuna kati yao anayesema uongo. Barua imeondoka kwa mtumaji, haijafika kwa mpokeaji, na baina yao pana mahali ambapo wote wawili hawapaoni.

Makala hii inahusu mahali hapo. Kwa miaka mingi seva ya barua pepe ya ofisi, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua zetu, imeendeshwa na programu iliyokuja pamoja na mfumo wake. Hakuna kikao kilichoichagua, wala hakuna afisa aliyeweka saini kuitaka, ilikuwamo tu. Sasa Kitengo cha TEHAMA kinajiandaa kuiondoa na kuweka nyingine mahali pake. Mkazi anayetegemea barua pepe kuomba leseni, kuwasilisha zabuni au kukata rufaa anayo haki ya kujua ni nini kitakachobadilika, nini kitabaki, na barua yake italindwa vipi wakati wa makabidhiano.

TARISHI, MASJALA NA KABATI

Kila aliyewahi kuingia ofisi ya serikali anamfahamu tarishi. Yeye hupokea bahasha, huzipeleka masjala, na huchukua zinazotoka kwenda posta. Tarishi hasomi barua wala haamui maombi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichokabidhiwa kinafika.

Ndani ya seva kuna programu inayofanya kazi hiyo hiyo. Hupokea barua kutoka nje, huangalia kama aliyeandikiwa ni mtu wa ofisi hii, kisha huiweka katika kisanduku chake. Na barua za maafisa wetu huzisafirisha hadi kwenye seva za wapokeaji. Kuhifadhi barua za zamani na kumwezesha afisa kuzisoma ni kazi ya programu nyingine. Kwa hiyo kinachobadilishwa ni tarishi. Kabati la mafaili halihami. Barua zilizokwisha kupokelewa na kuwekwa katika visanduku zitabaki zilipo, na anwani za ofisi hazitabadilika.

Tarishi huyu wa kompyuta hufuata utaratibu uliokubalika duniani kote. Itifaki ya kusafirisha barua pepe iliandikwa na Jonathan Postel huko Marekani na kutolewa Agosti 1982. Imefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, hasa mwaka 2008, lakini msingi wake ni ule ule. Seva ya mtumaji hubisha katika mlango namba 25 wa seva ya mpokeaji. Mpokeaji huitikia kwa namba 220, maana yake: karibu, niko tayari. Mtumaji hujitambulisha, hutaja barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, na kila anapokubaliwa hujibiwa 250. Akiambiwa 354, huanza kukabidhi barua yenyewe mstari kwa mstari, na humaliza kwa mstari wenye nukta peke yake. Hapo mpokeaji hujibu 250 kwa mara ya mwisho.

Jibu hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Itifaki inaeleza kwamba seva iliyokwisha kujibu hivyo imebeba wajibu: ama iifikishe barua, ama imwarifu mtumaji kwamba imeshindwa. Haina ruhusa ya kuipoteza kimya kimya kwa sababu nyepesi, kama vile kuzimika kwa kompyuta. Ndiyo maana programu nzuri huiandika barua kwenye diski kwanza, kisha hujibu 250. Kwa lugha ya kwetu, barua hiyo imekuwa amana.

Endapo seva haiwezi kupokea kwa wakati huo, hujibu kwa namba inayoanza na 4, maana yake: rudi baadaye. Mtumaji hubaki na barua kwenye foleni yake na kujaribu tena. Endapo inakataa kabisa, hujibu kwa namba inayoanza na 5, na barua hurudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Tofauti ya namba hizo mbili ina sehemu kubwa katika mpango wetu, kama itakavyoonekana hapa chini.

PROGRAMU AMBAYO HAKUNA ALIYEICHAGUA

Seva nyingi za barua pepe duniani hutumia Unix, mfumo endeshi ulioanza kubuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, au mifumo iliyofuata nyayo zake, kama vile Linux na jamii ya BSD. Tangu zamani mifumo hiyo imekuwa ikija na tarishi wake ndani, kama nyumba ya kupanga yenye kufuli mlangoni. Mpangaji hulitumia kufuli lililopo, na aghalabu hajiulizi ni nani mwingine mwenye ufunguo.

Tarishi aliyevuma kuliko wote aliitwa Sendmail. Aliandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanza kusambazwa pamoja na mfumo wa BSD. Kwa muda mrefu, kufunga Unix kulikuwa sawa na kufunga Sendmail. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia programu yenye kujizalisha ambayo ilienea kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mojawapo ya mianya iliyoipitisha ilikuwa sehemu ya Sendmail iliyokusudiwa mafundi wa majaribio, ambayo katika kompyuta nyingi ilikuwa imeachwa wazi. Inakadiriwa kwamba maelfu ya kompyuta yaliathirika. Mlango huo haukufunguliwa na wenye kompyuta. Walizipokea zikiwa hivyo.

Baada ya hapo wakatokea matarishi wengine. Mwaka 1995 Philip Hazel, wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, alianza kuandika Exim, ambayo kwa miaka mingi imekuwa chaguo la awali la Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux. Mwishoni mwa 1998 Wietse Venema, akiwa mtafiti wa kampuni ya IBM, alitoa programu ambayo leo inaitwa Postfix. Mifumo mikubwa nayo ikaanza kubadilisha tarishi wake wa awali. Red Hat Enterprise Linux toleo la 6, la mwaka 2010, ilimweka Postfix mahali pa Sendmail. OpenBSD ilimweka tarishi wake yenyewe, OpenSMTPD, mwaka 2014. FreeBSD toleo la 14, la mwaka 2023, ilichagua programu ndogo inayotuma barua tu bila kupokea kutoka nje, kwa hoja kwamba kompyuta nyingi hazina haja ya zaidi ya hapo.

Jambo moja halikubadilika kokote. Programu nyingine ndani ya Unix, kama vile ile inayotoa taarifa za usiku za akiba ya data, bado humwita tarishi kwa njia ile ile ya kale: /usr/sbin/sendmail. Kila anayerithi kazi huitikia jina hilo, ingawa si yeye Sendmail. Ni kama ofisi ambayo kila tarishi mpya huitikia jina la yule wa kwanza aliyekwisha kustaafu. Kwa sababu hiyo inawezekana kumbadilisha tarishi bila kuandika upya kila kitu kinachomtegemea.

KWA NINI TUBADILISHE?

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Seva yetu inatumia Debian, na tarishi aliyekuja nayo ni Exim. Ni haki kuuliza kwa nini tumwache.

Jibu la kweli ni kwamba Exim si programu mbovu. Ina uwezo mkubwa na inaheshimiwa. Mwaka 2019 ulitangazwa mwanya mkubwa katika baadhi ya matoleo yake, uliomwezesha mtu wa nje kuiamrisha kompyuta ifanye apendavyo. Ukazibwa, na waliosasisha mapema wakasalimika. Hakuna programu ya barua isiyowahi kuwa na mwanya. Tofauti iko katika kiasi cha madhara mwanya unapopatikana.

Exim kimsingi ni programu moja kubwa yenye mamlaka makubwa. Postfix imegawanywa katika programu ndogo ndogo: mmoja yuko mlangoni, mwingine hupanga foleni, mwingine hupeleka nje, mwingine huweka katika visanduku, na kila mmoja hupewa mamlaka ya kazi yake tu. Anayepokea wageni hana ufunguo wa kabati. Ni kanuni ile ile inayofuatwa katika fedha za umma: anayeidhinisha malipo si yeye anayelipa. Sababu ya pili ni ya kiutumishi. Mafundi wetu wanaifahamu Postfix zaidi, na mwongozo mmoja unaoeleweka na kila fundi ni bora kuliko utaalamu wa mtu mmoja anayeweza kuhamishwa kesho.

AHADI ZA KIMYA

Ugumu wa kazi hii hauko katika kufunga programu mpya. Hilo huchukua dakika chache. Ugumu ni kwamba programu ya zamani ilikuwa ikitimiza mambo ambayo hakuna aliyeyaandika, kwa kuwa yalikuwa mipangilio yake ya awali. Programu mpya inayo mipangilio yake ya awali, na haifanani. Tukibadilisha bila kuangalia, ahadi hizo zitavunjika na hakuna atakayejua zilivunjika lini. Tutaje nne.

Ya kwanza ni ukubwa wa barua. Exim, isipoelekezwa vinginevyo, hupokea barua ya hadi megabaiti 50. Postfix hukomea baiti 10,240,000, yaani takriban megabaiti 10. Tena kiambatisho kinaposafirishwa hugeuzwa kuwa herufi na kuongezeka kwa takriban theluthi moja, hivyo faili la megabaiti 8 tayari limevuka mpaka. Mkazi aliyezoea kutuma picha za hati ya kiwanja zilizoskaniwa, na zikafika, angekuta zinarudishwa. Kwa hiyo kiwango cha sasa kimeagizwa kiandikwe katika mipangilio ya Postfix kabla ya kuiwasha.

Ya pili ni onyo la kuchelewa. Afisa anapokujibu na barua yake ikakwama njiani, Exim humwarifu baada ya saa 24 kwamba haijafika, na huendelea kujaribu. Katika mipangilio ya Debian hujaribu kwa siku 4. Postfix hujaribu kwa siku 5, lakini kwa mpangilio wake wa awali haitoi onyo lolote katikati. Afisa angeamini kuwa umejibiwa, nawe ungekaa siku 5 ukidhani umepuuzwa. Onyo hilo lazima liwashwe kwa makusudi.

Ya tatu ni saini ya kidijitali. Barua zinazotoka ofisini hutiwa alama inayothibitisha kwamba kweli zimetoka katika kikoa chetu. Exim ina uwezo huo ndani yake; Postfix huhitaji programu ya kuisaidia. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayetuma barua kwa watumiaji wa Gmail athibitishe asili yake. Msaidizi huyo akisahauliwa, majibu ya ofisi yataanza kuangukia katika barua taka za wakazi, na sisi tutaona kwamba zimetumwa salama.

Ya nne ni majina ya kuelekeza barua. Anwani kama ya malalamiko, ya zabuni au ya masjala haina kisanduku chake yenyewe. Huelekezwa kwa maafisa fulani. Orodha hiyo huandikwa mara moja na kusahauliwa. Afisa akihamishwa au kustaafu, anwani inaweza kuendelea kumpelekea yeye. Tarishi hana kosa, maana ameandikiwa hivyo. Makabidhiano haya ni fursa ya kuisoma orodha nzima, jina kwa jina, na wakuu wa idara kuthibitisha nani anapokea nini. Huenda faida kubwa kuliko zote kwa mkazi ikapatikana hapa, hata kabla programu haijabadilishwa.

MAKABIDHIANO YATAKAVYOFANYWA

Kazi itafanywa usiku wa mwisho wa juma, na tarehe itabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata. Haitapangwa katika wiki yenye mwisho wa zabuni au wa maombi yoyote. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, mipangilio yote ya zamani, orodha ya anwani na visanduku vyote vitanakiliwa na kuhifadhiwa nje ya seva. Nakala ikishindwa kufunguka katika majaribio, kazi haitaanza.

Pili, mlango wa kupokea utafungwa, huku tarishi wa zamani akiachwa amalize foleni yake. Hatua hii haina njia ya mkato. Exim na Postfix huhifadhi foleni kwa namna tofauti, na mmoja hawezi kusoma ya mwenzake. Barua iliyoachwa katika foleni ya Exim, Exim ikiondolewa, haitarudishwa kwa mtumaji wala haitafika. Itakaa kwenye diski bila mwenyewe. Ni barua ambayo seva imekwisha kuijibu 250. Kwa hiyo zile ambazo hazitaondoka usiku huo, kwa mfano kwa sababu seva ya mpokeaji haipatikani, zitaorodheshwa na kila aliyeziandika ataarifiwa azitume upya.

Msomaji atauliza: mlango ukiwa umefungwa, barua zinazokuja zitakwenda wapi? Zitabaki kwa watumaji. Itifaki inazitaka seva zisikate tamaa mapema, bali ziendelee kujaribu, kwa kawaida kwa siku 4 hadi 5. Mlango uliofungwa kwa saa kadhaa huchelewesha barua lakini hauipotezi.

Tatu, Postfix itafungwa na kuelekezwa ni kikoa kipi ni chetu, ni kompyuta zipi za ofisi zinazoruhusiwa kutuma kupitia kwake, na visanduku viko wapi. Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni kuruhusu kila mtu duniani atume kupitia seva yetu. Matapeli hutafuta seva za namna hiyo usiku na mchana. Ikipatikana, hugeuzwa posta yao, na muda si mrefu kikoa chetu huingizwa katika orodha za kuzuia, kisha hata barua halali za ofisi hukataliwa. Wa pili ni tarishi mpya kuweka barua katika folda moja huku programu ya kusomea ikifungua nyingine. Barua zitakuwa zimefika, na hakuna atakayeziona.

Nne, mlango utafunguliwa kwa uangalizi. Postfix ina mpangilio ambao kwa muda hugeuza kila jibu la kukataa kabisa kuwa jibu la kurudi baadaye. Tukiwa tumesahau anwani ya afisa fulani, anayemwandikia hatarudishiwa barua kwa maneno kwamba mtu huyo hayupo. Ataambiwa ajaribu tena, na fundi ataliona kosa katika kumbukumbu za seva na kulisahihisha kabla ya jaribio lijalo. Mpangilio huo hauwezi kuachwa hivyo siku zote, kwa kuwa anayekosea anwani kweli anastahili kujulishwa mapema. Utaondolewa uangalizi utakapomalizika.

Tano, zitatumwa barua za majaribio kutoka ndani kwenda nje, kutoka nje kuja ndani, kwa kila anwani ya idara, pamoja na kiambatisho kikubwa. Kila moja itafuatwa hadi katika kisanduku cha afisa, na afisa mwenyewe atathibitisha kuiona. Jambo lolote likikataa na lisirekebishike kabla ya saa za kazi za Jumatatu, tarishi wa zamani atarudishwa na kazi itapangwa upya. Kurudi nyuma si aibu. Aibu ni kuendelea huku barua za watu zikipotea.

MKAZI AFANYE NINI?

Usisubiri dakika ya mwisho. Barua inayokutana na jibu la kurudi baadaye inaweza kuchelewa kwa dakika kadhaa au kwa saa nyingi, kutegemea seva ya mtumaji. Nyaraka yenye mwisho wake itume angalau siku moja kabla, au fika na nakala ya karatasi masjala.

Ukirudishiwa barua, isome kabla ya kuifuta. Tafuta namba yenye tarakimu tatu. Ikianza na 4, mara nyingi ni taarifa kwamba barua imechelewa na bado inajaribiwa. Huna haja ya kuituma tena mara hiyo. Ikianza na 5, imekataliwa na haitajaribiwa tena. Angalia herufi za anwani, angalia ukubwa wa kiambatisho, kisha tuma upya. Ukija kulalamika, njoo na ujumbe huo ulivyo. Una saa na jina la seva iliyokataa, na kwa hayo fundi anaweza kuifuatilia barua yako katika kumbukumbu.

Tenganisha mambo matatu: kutumwa, kufika na kusomwa. Simu ikikuonyesha kwamba barua imetumwa, maana yake imeondoka kwako. Seva ikijibu 250, imefika kwetu. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonyesha kwamba afisa ameisoma. Kwa maombi yoyote yenye haki ndani yake, omba namba ya kumbukumbu ya masjala. Namba hiyo ndiyo ushahidi wako, kama ilivyokuwa zama za bahasha na mhuri.

Usimpe mtu nywila. Kila mabadiliko ya namna hii huwavuta matapeli, nao huandika kwamba kisanduku chako kitafungwa usipoingiza nywila yako mahali fulani. Kubadilishwa kwa tarishi wa ofisi hakugusi akaunti yako hata kidogo. Ofisi haitakuomba nywila kwa barua, kwa simu wala kwa ujumbe mfupi.

Mwisho, mnaweza kutuhoji. Katika mkutano wa kata utakaofuata baada ya makabidhiano, mwakilishi wa Kitengo cha TEHAMA ataulizwa maswali matatu na atapaswa kuyajibu hadharani: foleni ya zamani ilibaki na barua ngapi, na wenyewe waliarifiwa? Ni anwani zipi zilizokutwa zikielekezwa kwa watu wasiokuwapo? Na onyo la kuchelewa limewashwa?

Maswali hayo si ya mafundi peke yao. Katibu wa kikundi tuliyemtaja mwanzoni hana haja ya kujua jina la programu iliyobeba barua yake. Anachohitaji ni mojawapo ya mambo mawili: katiba ya kikundi chake ifike mezani kabla ya saa tisa na nusu, au aambiwe mapema kwamba haikufika ili aje nayo mkononi.